Alisema Atakuja

"He told me that he will come tomorrow." Sentensi hii nimeikuta kwenye madaftari ya kidato cha pili, cha tatu na cha nne, shule baada ya shule, kwa muda wote niliofundisha Kiingereza. Mwalimu huipitishia wino mwekundu, juu ya "will" akaandika "would", juu ya "tomorrow" akaandika "the next day", kisha akafunua ukurasa unaofuata. Mwanafunzi akirudishiwa daftari lake anauona wino, lakini kosa halioni. Na ataliona wapi? Kwa Kiswahili chake, alichoandika ni sentensi safi: aliniambia atakuja kesho. Nataka kuitetea sentensi hiyo. Kwenye mtihani haina alama, najua. Lakini ndani yake mna sarufi kamili, na mwalimu asiyeitambua sarufi hiyo atamaliza boksi zima la chaki bila kumsogeza mtoto hata hatua moja.

Kila aliyepita sekondari analikumbuka jedwali. Kushoto kauli halisi, kulia kauli taarifa. "Is" inageuka "was", "has" inageuka "had", "can" inakuwa "could", "may" inakuwa "might", "will" inakuwa "would". "Now" inakuwa "then", "today" inakuwa "that day", "yesterday" inakuwa "the day before", "here" inakuwa "there". Tulilikariri kama mashairi. Jedwali hilo lina ukoo mrefu. Shule za Ulaya zilizofundisha Kilatini zilikuwa na zoezi la kugeuza kauli, na Julius Caesar aliwapa wanafunzi kazi ya kutosha, kwa sababu katika kitabu chake cha vita vya Galia hotuba nyingi za majemadari na wajumbe zimeandikwa kwa kauli taarifa. Sarufi ya Kiingereza ya shuleni iliigiza ile ya Kilatini, kisha ikasafiri na utawala wa Waingereza. Wren na Martin, walioandika kitabu chao cha sarufi kwa ajili ya shule za India katika miaka ya 1930, waliitengea kauli taarifa sura yake na mazoezi marefu, na nilipokuwa chuo cha ualimu nakala yake iliyochakaa ndiyo tuliyokuwa tukigombea maktabani. Jedwali silidharau. Linamfaa sana mtu aliyekwisha kuelewa. Ila tumezoea kumpa muhtasari mtoto ambaye habari yenyewe hajasimuliwa.

Mimi kazi ya kugeuza kauli niliianza utotoni, kabla sijajua kwamba ina jina. Kijijini kwetu Muheza, karibu na mashamba ya mkonge, wazee wengi hawakuwa wamesoma, na watoto wao walikuwa Tanga mjini, Dar es Salaam na Mombasa. Mtoto aliyejua kushika kalamu aliitwa nyumba hii na ile kuandika barua. Jirani yetu mmoja, bibi wa rika la bibi yangu, alikuwa akikaa barazani na kuniambia: "Mwambie mguu umezidi. Mwambie mbuzi amezaa pacha. Na kama ana chochote, asinisahau." Mimi kwenye karatasi niliandika: "Mwanangu, mguu umezidi. Mbuzi amezaa pacha. Kama una chochote, usinisahau." Hakuna aliyenifundisha kugeuza "ana" kuwa "una", wala "asinisahau" kuwa "usinisahau". Bibi alikuwa akizungumza na mimi habari za mwanawe, na barua ilikuwa inazungumza na huyo mwanawe. Mtoto wa darasa la tatu aliliona hilo bila kuelekezwa. Sijawahi kusikia mtoto wa Kiswahili aliyeandika barua ya namna hiyo akakosea nafsi.

Majibu yalipokuja, kazi iligeuka. Barua ilisema: "Mama, nitakuja mwezi wa nane." Nikamsomea bibi ilivyo, kisha akaniuliza, kama alivyouliza kila mara, "Anasemaje?" Nikamwambia: "Anasema atakuja mwezi wa nane." Siku zile alimweleza kila aliyepita njiani: "Kasema atakuja mwezi wa nane." Mwezi wa nane ukaingia, ukatoka. Mwezi wa kumi bibi alikuwa bado akisema, "Alisema atakuja mwezi wa nane," na kila aliyemsikia alielewa kwamba mwana hakuja. Kitenzi "atakuja" hakikubadilika hata herufi moja. Majira yalikuwa yamepita, "-ta-" ikabaki pale pale.

Kiingereza kisingemruhusu bibi kufanya hivyo. Siku barua ilipofika angesema, "He says he will come in August." Mwezi wa kumi angelazimika kusema, "He said he would come in August." Tofauti hiyo ndiyo kiini cha somo zima, na miaka mingi baadaye, nikiwa mbele ya darasa, nilirudi kwenye barua zile kuielewa vizuri.

Kiswahili kinapobeba maneno ya mtu, humhamisha mtu na kuuacha wakati. "Nitakuja" inakuwa "atakuja" kwa sababu anayesimulia siye aliyesema. Lakini ile "-ta-" inaendelea kuhesabiwa kutoka kinywani mwa msemaji wa kwanza, siku ile aliyosema. "Alisema anaumwa" maana yake alikuwa anaumwa wakati anasema. Ukisema "alisema alikuwa anaumwa", msikilizaji wako atadhani ugonjwa ulikuwa umepita kabla hajafungua mdomo. "Alisema ameshakula" maana yake chakula kilikuwa kimeshashuka wakati anajibu. Kiingereza huhamisha vyote viwili. Anayesimulia hukivuta kila kitu kije kisimame alipo yeye: nafsi kwake, wakati kwake, mahali kwake, siku kwake. Ndiyo maana "is" inarudi nyuma ikawa "was", na "has come" ikarudi ikawa "had come". Otto Jespersen, mwanaisimu wa Denmark aliyeijua sarufi ya Kiingereza kuliko Waingereza wengi, aliitengea kauli taarifa sura nzima katika kitabu chake The Philosophy of Grammar cha mwaka 1924, na huko kurudi nyuma kwa vitenzi kumo humo. Wala Kiswahili hakiko peke yake upande wa pili. Kirusi nacho huuacha wakati wa kitenzi kama msemaji alivyouacha. Mtoto wa Moscow akianza kujifunza Kiingereza hujikwaa pale pale anapojikwaa mtoto wa Muheza.

Nilipolijua hili, "He told me that he will come" haikuwa tena ishara ya uvivu wala ya kutosikiliza. Mtoto alikuwa ametii kanuni moja kwa uaminifu, na kazi yangu ikawa kumwonyesha kwamba amefika kwenye lugha yenye kanuni nyingine.

Mahali nilipoiona kanuni ile nyingine ikifanya kazi kwa uzito wake wote ni masijala ya mahakama. Kabla ya kwenda chuo niliajiriwa kwa muda kupiga chapa mienendo ya mashauri na hukumu. Shahidi alisimama kizimbani akasema kwa Kiswahili, hakimu akaandika kwa mkono kwa Kiingereza, kwa sababu wakati huo kumbukumbu za mahakama zilizo juu ya mahakama ya mwanzo ziliandikwa kwa Kiingereza. Ushahidi huandikwa kama masimulizi, wala si swali na jibu, na huandikwa kwa nafsi ya kwanza: mimi ni mkulima, namfahamu mshtakiwa, usiku ule nilikuwa nimelala. Hivyo maneno ya mzee aliyesema Kiswahili cha kijijini yalikuwa yakiingia kwenye karatasi yakiwa Kiingereza, lakini bado ni "mimi". Baadaye, kwenye hukumu, "mimi" huyo alitoweka. Akawa shahidi wa kwanza wa upande wa mashtaka, ambaye alieleza mahakama kwamba alikuwa amelala. Shauri likikatiwa rufaa, majaji wa juu waliandika kwamba hakimu aliona kwamba shahidi alieleza kwamba alikuwa amelala. Sentensi moja ilipita mikono mingi namna hiyo, na kila mkono ulisimama mbali zaidi na usiku wenyewe.

Mimi nilikuwa nikipiga chapa hatua zote hizo, wakati mwingine za shauri lile lile, na ndipo nilipoelewa "had" ina kazi gani. Katika shauri moja la wizi, shahidi aliongea mahakamani mwezi wa tatu. Wizi ulitokea mwaka uliotangulia. Hukumu iliandikwa mwezi wa sita. Hukumu ikisema "he told the court that he saw the accused", msomaji atakuelewa. Ikisema "he told the court that he had seen the accused", msomaji anaona ngazi: kwanza kumwona, kisha kueleza. Kwenye daftari la kidato cha tatu hiyo ni alama moja au nusu. Kwenye hukumu, mpangilio wa matukio ndio unaoamua kama mtu analala kwake au gerezani.

Lipo shauri moja la vitisho ambalo sijalisahau. Shahidi alisema: "Aliniambia ataniua nikirudi pale." Hakimu aliandika: "He told me that he would kill me if I went back there." Ni tafsiri nzuri, haina doa. Kwenye hukumu, sentensi ilipotakiwa kuingia kwenye nafsi ya tatu, "he" walikuwa wawili ndani ya mstari mmoja na hakuna aliyeweza kujua nani anamuua nani. Hakimu akaitatua kwa kutumia majina ya kimahakama na kitenzi kipya: mshtakiwa "threatened to kill" shahidi. Nilisimamisha vidole juu ya mashine nikalitazama neno hilo. Shahidi hakuwa amesema ametishwa. Alisema aliyoyasikia. Kutisha ni jina ambalo hakimu alikipa kitendo, baada ya kupima, na kupima ndiyo kazi yake. Lakini tangu siku ile, kila ninapoona kitenzi cha kuripoti huuliza ni cha nani: ni cha aliyesema, au ni cha anayesimulia? "Alisema", "alidai", "alikiri", "alijigamba", "alisisitiza": kauli inaweza kuwa ile ile neno kwa neno, na kitenzi kilichotangulia kimeshamhukumu msemaji. Waandishi wa habari za mahakama wanalijua hili, na walio makini hulichunga. Sheria nayo inalichunga kwa njia yake. Sheria ya Ushahidi ya Tanzania ya mwaka 1967 inataka ushahidi wa mdomo uwe wa moja kwa moja, yaani kama ni jambo la kusikiwa, aje yule aliyelisikia kwa masikio yake mwenyewe.

Tangu marekebisho ya sheria ya mwaka 2021, Kiswahili ndicho lugha ya mahakama zetu. Nililipokea jambo hilo kwa furaha ya kweli. Maneno ya shahidi yamepunguziwa mkono mmoja wa kupitia.

Shauri lile la vitisho linanirudisha kwenye jambo linaloniuma katika ufundishaji wa Kiswahili chenyewe. Wenzetu wa Kenya wana swali la kugeuza usemi halisi kuwa usemi wa taarifa katika mitihani yao ya Kiswahili, na katika mazoezi mengi mwanafunzi huelekezwa kuigeuza "-ta-" iwe "-nge-". "Nitakuja kesho" inakuwa "alisema kuwa angekuja siku iliyofuata". Vitabu vya namna hiyo vimevuka mpaka na nimeviona kwetu pia. Wapo waandishi wazuri wanaoitumia "-nge-" hivyo, na masikio yangu hayaikatai kila mahali. Lakini hebu iweke kinywani mwa yule shahidi. "Aliniambia ataniua" ni kitisho. "Aliniambia angeniua" mimi naisikia kama habari ya jambo lililozuiliwa na kitu: angeniua, kama si fulani kutokea. Sentensi hizo mbili haziwezi kumfikisha mtu kizimbani kwa kosa moja. Naamini hapo tumekichukua kivuli cha "would" tukakivika Kiswahili, na kwa kufanya hivyo tumewafundisha watoto wetu kwamba walivyosema bibi zao ni makosa. Bibi yule wa barazani hakuwahi kusema "alisema angekuja mwezi wa nane". Angesema hivyo, jirani angeuliza, "Kwani nini kilimzuia?"

Darasani nilianza kutumia wajumbe. Nilikuwa nafundisha mkoani Singida, shule yenye uwanja mpana na mti mmoja mkubwa katikati. Mwanafunzi mmoja alikaa ndani ya darasa, mwingine chini ya mti, wa tatu akabeba maneno kati yao. Wa ndani alisema kwa Kiingereza: "I will bring the hoe tomorrow." Mjumbe alitoka, akafika chini ya mti, akaulizwa: "What does he say?" Akajibu, kama wote walivyojibu: "He says he will bring the hoe tomorrow." Sahihi kabisa, kwa sababu siku ni ile ile na jembe bado linasubiriwa. Nikawaambia wayaandike maneno yale na kuyatunza. Wiki iliyofuata nikamwita mjumbe yule yule na kumwuliza alichoambiwa. Alianza, "He said he will bring the hoe tom...", akanyamaza. Darasa zima lilikuwa linajua jembe lilikwisha kuletwa na viazi vilikwisha kupaliliwa. Msichana mmoja aliyekuwa akikaa nyuma akasema kwa Kiswahili, taratibu, kama anayejisemea: "Mwalimu, kesho yake imeshakuwa zamani kwetu."

Hapo ndipo nilipowauliza: je, nyumbani mnasemaje mkisimulia habari ya siku nyingi? Wakajibu kwa pamoja: kesho yake. Kesho yake akaleta jembe. Jana yake mvua ilikuwa imenyesha. Kiswahili kina chombo hiki tayari: "kesho" huanza kuhesabiwa kwangu mimi ninayesema sasa, na "kesho yake" huhesabiwa kwenye siku ya tukio, popote ilipo. "The next day" na "the day before" hazikuwa tena vitu vya kukariri. Walikuwa wamekuja navyo kutoka nyumbani. Nikawaambia kwamba ule uangalifu wanaoutumia kwenye siku, Kiingereza kinautaka pia kwenye kitenzi.

Mambo mengine yalikuwa mepesi kuliko nilivyotegemea, nikitafuta tu mahali ambapo Kiswahili kimeshatangulia. "He said me that" ni kosa la kila daftari. Niliwaandikia ubaoni "alinisema" na "aliniambia". Wakacheka, kwa sababu kila mtoto anajua maana ya kusemwa: umesengenywa, au umekemewa. Basi "say" ni "sema" na "tell" ni "ambia"; "ambia" haiendi bila mtu anayeambiwa, na "tell" ya kauli taarifa hali kadhalika. Kosa lile lilipungua sana baada ya kipindi kimoja. Amri nazo hazisumbui. "Funga mlango" inakuwa "alimwambia afunge mlango", na Kiingereza kinaweka "to close". "Usifunge" inakuwa "asifunge", nacho kinaweka "not to close".

Kwenye maswali nilikuta zawadi. Wanafunzi huandika "He asked me where was I going", kwa sababu wametumia miaka wakifundishwa kwamba swali la Kiingereza hugeuza mpangilio: "Where are you going?" Lakini swali likishatiwa ndani ya kauli taarifa, mgeuzo ule wote unaondoka. Inabaki "where I was going", mtendaji kwanza, kitenzi baadaye, kama tunavyosema sisi: aliniuliza ninakwenda wapi. "Do" na "does" nazo zinaanguka, kama "je" yetu inavyoanguka na mahali pake kuja "kama": "Je, umekula?" inakuwa "aliniuliza kama nimekula", na Kiingereza huweka "if" au "whether". Kwa hiyo swali la kuripotiwa ni rahisi kuliko swali lenyewe. Sikuona kitabu kilichowaambia watoto jambo hilo la kuwatia moyo, nami niliwaambia kila mwaka.

Pako mahali pamoja, hata hivyo, ambapo Kiswahili hakimwandai mtoto hata kidogo. "Asha alimwambia Juma kwamba ameshinda." Nani ameshinda? Kiswahili kinaiacha "a-" isimame kwa wote wawili, na wanaosimuliana wanajua kwa sababu wanaijua habari. Kiingereza kinadai uchague: "she had won" au "he had won". Mwanafunzi akiandika bila kufikiri atamvika Juma ushindi wa Asha. Zoezi la kitabu halimpi habari ya kutosha kuchagua, kwa sababu sentensi ya kitabu haina watu. Ina majina tu. Niliacha kutoa sentensi za namna hiyo peke yake. Kila sentensi niliitungia habari ya mistari mitatu: nani, yuko wapi, nini kilikuwa kimetokea. Ilichukua muda, na wakuu wa idara waliona napoteza kipindi. Mimi naona ndicho kipindi pekee kilichokuwa na maana.

Tena yapo maneno ambayo hayaripotiki kama maneno. Wanafunzi huandika "He said that good morning." Nikawauliza: ukimsimulia mama yako kwamba ulikutana na babu njiani, unasema "nilimwambia kwamba shikamoo"? Hapana, unasema ulimwamkia. Mtu akikwambia "pole", husemi alisema kwamba pole. Unasema alikupa pole. Mtu hupiga hodi, huaga, hushukuru, hulaani, huapa. Maneno ya namna hii ni vitendo, na anayesimulia hukitaja kitendo. Kiingereza ni hivyo hivyo: "greeted", "thanked", "apologised", "congratulated". "Let's go" inakuwa mtu fulani "suggested going". Sehemu hii niliipenda kuliko zote, kwa sababu hapa mwanafunzi haangalii tena kitenzi kilichomo ndani ya alama za kunukuu. Anauliza: mtu huyu alikuwa anafanya nini aliposema hivi? Anaonya, anaahidi, anabembeleza, anakana? Swali hilo linahitaji huruma na umakini, nami nimeona watoto waliokuwa wakishindwa kila jedwali wakilijibu vizuri sana.

Wanafunzi wenye masikio makali waliniletea redio na magazeti. "Mwalimu, mbona hapa wameandika 'The minister said he will visit the region'?" Nao walikuwa wamesoma vizuri. Kiingereza chenyewe hakirudishi kitenzi nyuma kila mara. Jambo likiwa bado ni kweli, au bado linasubiriwa wakati wa kusimulia, msemaji anaweza kuliacha lilivyo. Hata Raymond Murphy, katika English Grammar in Use kilichotoka mara ya kwanza mwaka 1985 na kinachotumika duniani kote, anaeleza hivyo. Mwalimu akisema maji huchemka kwa nyuzi 100 usawa wa bahari, hakuna sababu ya kuyachemshia wakati uliopita. "Must" nayo ina tabia mbili: ikiwa ni lazima ya mtu kufanya jambo huweza kuwa "had to", lakini ikiwa ni makisio, kama "he must be tired", hubaki ilivyo. Jedwali halina nafasi ya kusema hayo, na wasahihishaji wa mtihani wanataka jibu la jedwali. Niliwaambia wanafunzi ukweli wote: Kiingereza kinaruhusu hiki, mtihani unataka kile, na sababu ni hii. Vijana wa miaka kumi na sita wanaweza kubeba ukweli wa namna hiyo. Kinachowavunja moyo ni kusikia jambo ni kosa, kisha kulikuta limechapishwa na wenye lugha.

Siku hizi nawafundisha walimu vijana wanaokuja kufanya mazoezi shuleni kwetu. Nawashauri waanze na amri, kwa kuwa hapo lugha mbili zinakutana, waende kwenye kauli zenye "he says", ambazo hazihamishi wakati, kisha maswali, na kurudisha vitenzi nyuma kuje mwisho, mtoto akiwa ameshajua kusimama mahali pa anayesimulia. Jedwali lisitoke kwa mwalimu. Mwaka mmoja nililiacha darasa litunge lenyewe kutokana na sentensi zao za wajumbe. Walifanya kazi makundi kwa makundi, wakabishana, wakafuta, na jedwali walilobandika ukutani lilikuwa na safu tatu badala ya mbili. Safu ya kwanza waliandika alichosema mtu. Ya tatu waliandika kinachoripotiwa. Safu ya katikati, ambayo sijaiona kwenye kitabu chochote nilichofundishia, iliuliza: nani anasimulia, na siku gani?